Collip: mtoto wa muuza maua aliyetafuta dawa ya kisukari katika majani ya kitunguu

Hapa kwetu Pwani, mtu akishapimwa akaambiwa ana kisukari, habari humtangulia nyumbani. Kabla hajavua viatu, jirani amekwisha leta majani ya muarobaini, shangazi amesaga kokwa za zambarau, na mwengine ametuma unga wa mlonge kwa matatu. Kila mmoja ana mtu wake anayemjua aliyetumia akapona. Hakuna anayemtakia mgonjwa mabaya. Ni mapenzi tu, na mitishamba ni urithi wetu tangu enzi za mababu. Lakini kuna swali ambalo huwa haliulizwi: ilijulikanaje kwamba dawa hii hushusha sukari? Nani alipima, alipima nini, na alipima mara ngapi?

Yuko mtu ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilizunguka swali hilo. Jina lake James Bertram Collip, Mkanada, mtaalamu wa kemia ya mwili. Wanaosoma habari za kisukari wamesikia jina la Banting na la Best, wale wanaohesabiwa kuwa ndio waliovumbua insulini. Collip hutajwa mwisho, au hatajwi kabisa. Ilhali yeye ndiye aliyeisafisha insulini ikafaa kudungwa mwilini mwa binadamu. Na jambo ambalo wachache wanalijua ni kwamba, mwaka mmoja baada ya ushindi huo, aligeukia mimea. Alitafuta katika kitunguu, katika saladi na katika ngano kitu ambacho kingefanya kazi ya insulini. Safari hiyo haikumfikisha alikokusudia, lakini ina mafunzo yanayotuhusu sisi hapa.

Kijana wa Belleville

Collip alizaliwa tarehe 20 Novemba 1892 katika mji mdogo wa Belleville, jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa muuza maua. Kijana alikuwa na akili nyepesi, na alipofika miaka 15 tu alikuwa ameshaingia chuo huko Toronto. Mwaka 1916 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika kemia ya viumbe. Tayari mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda magharibi mwa nchi, mji wa Edmonton, kufundisha katika Chuo Kikuu cha Alberta.

Kilikuwa chuo kichanga, mbali na miji mikubwa, na baridi yake si ya mchezo. Huko Collip alijifunza kufanya kazi kwa vifaa vichache na mikono mingi. Alichunguza damu ya wanyama wa aina nyingi, hata wale wa baharini wasio na uti wa mgongo. Waliomjua walimwona mtu mwenye haya, asiyependa kusimama mbele za watu, lakini akishaingia maabara hatoki. Alikuwa kama mpishi mzuri: anajaribu, anaonja, anabadilisha kidogo, anajaribu tena, na mara nyengine mkono wake unatangulia kabla ya kichwa kueleza.

Mwaka 1921 alipewa likizo ya masomo na fedha za kusafiri kutoka wakfu wa Rockefeller. Akarudi Toronto kufanya kazi na Profesa John Macleod, bingwa wa mambo ya sukari mwilini. Hapo ndipo alipokutana na majaliwa yake.

Kisukari kabla ya insulini

Msomaji wa leo huenda asielewe uzito wa jambo hili mpaka akumbushwe hali ilivyokuwa. Mtoto aliyepata kisukari kabla ya mwaka 1922 alikuwa amehukumiwa kifo. Daktari aliyekuwa hodari kuliko wote alikuwa na tiba moja tu: njaa. Mgonjwa alipewa chakula kidogo mno ili sukari isipande, na kwa njia hiyo akaongezewa miezi, pengine mwaka au miwili. Wazazi walimwangalia mtoto wao akikonda mpaka akabaki mifupa, wakijua kwamba wakimpa kipande cha mkate kwa huruma wanamsogeza kaburini.

Wataalamu walishajua kwamba chanzo kiko katika kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Walijua kwamba mbwa akitolewa kongosho hupata kisukari. Wengi walijaribu kukamua kongosho la mnyama wakapata maji ya dawa, lakini maji hayo yalikuwa machafu. Yalileta homa na majipu, na hayakutegemewa.

Frederick Banting, daktari kijana wa upasuaji, alikwenda kwa Macleod na wazo lake la namna ya kulikamua kongosho. Macleod alimpa nafasi, mbwa, na wanafunzi wawili wa kumsaidia, Charles Best na Clark Noble. Wanafunzi hao walirusha sarafu kuamua nani aanze kazi na nani asubiri zamu yake. Best ndiye aliyeanza, na zamu ya Noble haikufika. Tulishike jina hilo la Noble, kwa maana litarudi.

Kufikia mwisho wa mwaka 1921 Banting na Best walikuwa wameshusha sukari ya mbwa mara kadhaa, lakini dawa yao ilikuwa bado chafu. Desemba ya mwaka huo Macleod akamwingiza Collip katika kazi.

Alichokifanya Collip

Alifanya mambo mawili makubwa ndani ya wiki chache.

La kwanza ni kipimo. Mpaka hapo dawa ilijaribiwa kwa mbwa aliyetolewa kongosho, kazi ya siku nyingi na ya taabu. Collip akaona kwamba hata sungura mzima, asiye na kisukari, akidungwa dawa sukari yake hushuka. Basi ilitosha kutoa matone ya damu katika mshipa wa sikio la sungura, kabla na baada, na nguvu ya dawa ikajulikana siku hiyo hiyo. Tena akaona sungura aliyepewa nyingi kupita kiasi hushikwa na mitukutiko kama mwenye kifafa, na akipewa maji ya sukari huinuka. Kwa njia hiyo ikajulikana mapema kwamba dawa hii inaweza kuua kama inavyoweza kuponya, na kwamba kipimo ndicho kinachotenganisha mawili hayo.

Hakuridhika na kuona sukari imeshuka. Alitaka kujua sukari hiyo imekwenda wapi. Akaonesha kwamba mbwa mwenye kisukari akipewa dawa, ini lake huanza tena kuweka akiba ya sukari kama la mnyama mzima, na ile sumu ya asidi inayojitokeza katika mkojo wa mgonjwa hupotea. Maana yake, mwili ulikuwa unaitumia sukari, si kwamba sukari imepotea tu katika damu. Tofauti hiyo tutaihitaji baadaye.

La pili ni usafishaji. Kongosho la ng'ombe kutoka machinjioni lilikamuliwa kwa alkoholi. Collip akapandisha nguvu ya alkoholi hatua kwa hatua. Kila kiwango kiliangusha uchafu wa aina yake chini ya chombo. Akafika mahali, zaidi kidogo ya asilimia 90, ambapo dawa yenyewe iliganda na kutuama. Usiku mmoja katikati ya Januari 1922, peke yake maabara, alikuwa amekishika mkononi kitu ambacho mabingwa wa Ulaya na Marekani walikitafuta kwa miaka 30.

Mtoto aliyekuwa na kilo 30

Katika hospitali kuu ya Toronto alikuwamo mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, mwenye uzito wa kilo zipatazo 30. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo, akatoka jipu mahali pa sindano, na madaktari wakasimamisha. Tarehe 23 Januari akadungwa dawa ya Collip. Kwa vipimo vya mashine tunazotumia leo majumbani, sukari yake ilishuka kutoka karibu 29 hadi chini ya 7 ndani ya siku moja. Mkojo ukasafika. Kijana akaanza kula, akainuka, akaishi miaka 13 zaidi.

Laiti hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini wanadamu ni wanadamu. Alipofanikiwa, Collip alikataa kuwaeleza Banting na Best namna alivyofanya. Banting, ambaye alijiona ananyang'anywa mtoto wake, alimkamata kwa mikono, na ilibidi watenganishwe. Siku chache baadaye wote wanne, pamoja na Macleod, walitia saini mapatano kwamba hakuna atakayekwenda kujiandikishia haki ya dawa peke yake.

Kisha likaja pigo jengine. Walipojaribu kutengeneza dawa kwa wingi, Collip akashindwa. Mkono uliokuwa ukipatia ukawa unakosa. Dawa ikatoweka kwa miezi, na wagonjwa walioonja uhai wakarudi katika njaa yao. Ilikuwa hadi Mei ndipo kikundi kilipoipata tena njia. Hapo tunaona kwa nini katika dawa haitoshi kupatia mara moja. Kinachomfaa mgonjwa ni kupatia leo, kesho na keshokutwa, kwa nguvu ile ile.

Januari 1923 Collip, Banting na Best waliiuza haki ya insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja akapokea dola 1. Hawakutaka tajiri mmoja aifungie. Ni jambo la kutafakari kila tunapomwona mzazi akizunguka maduka ya dawa kutafuta chupa ya insulini. Oktoba mwaka huo tuzo ya Nobel ikatolewa kwa Banting na Macleod. Banting akagawana fedha zake na Best, na Macleod akagawana zake na Collip. Jina la Collip halikuandikwa katika tuzo, na hakujulikana kupiga kelele kwa sababu hiyo.

Kurudi Edmonton, na majani ya kitunguu

Wakati tuzo inatangazwa, yeye alikuwa ameshajirudia Edmonton tangu mwaka 1922, na kichwani mwake kulikuwa na wazo jipya.

Aliwaza hivi. Insulini ndiyo inayomwezesha mnyama kuitumia sukari na kuiweka akiba. Je, viumbe vyengine vinavyotumia sukari vinafanyaje? Chaza wana akiba ya sukari mwilini. Hamira hula sukari na kuigeuza. Mimea yote hutengeneza sukari na kuihifadhi. Basi huenda navyo vina kitu chao kinachofanana na insulini. Na ikiwa kimo ndani ya mmea, dunia haitahitaji tena kusubiri kongosho la ng'ombe. Dawa ingelimwa shambani.

Lilikuwa wazo zuri. Mtoto wa muuza maua akaanza kukamua majani. Alitumia majani ya kitunguu kibichi, saladi, majani ya ngano, mizizi ya shayiri, majani ya maharagwe, na hamira. Akayasafisha maji yake kwa njia zile zile alizozijua, akawadunga sungura. Sukari ikashuka. Mwaka 1923 akatangaza katika majarida ya sayansi kwamba amepata homoni mpya ya mimea, akaipa jina glukokinini.

Mtu mwengine angeishia hapo, akachapisha karatasi za matangazo na kuuza chupa. Hakika sukari ilikuwa imeshuka, na namba alikuwa nazo. Lakini Collip aliendelea kupima, na kila alivyopima mambo yalizidi kuwa ya ajabu.

Insulini hufanya kazi ndani ya saa chache. Glukokinini ilichelewa. Sungura angedungwa leo, akae saa nyingi, wakati mwengine siku kadhaa, ndipo sukari ishuke. Na ikishashuka wengine walikufa. Kisha akafanya jaribio jengine. Alitoa damu kwa sungura ambaye sukari yake imeshuka, akamdunga sungura mzima. Naye sukari yake ikashuka. Akatoa damu ya huyo wa pili akamdunga wa tatu, ikawa vivyo hivyo, na kuendelea, kutoka mnyama hadi mnyama. Insulini haifanyi hivyo. Dawa ikigawanywa kutoka mwili hadi mwili inapaswa kupungua nguvu mpaka iishe. Kitu kinachopita hivyo bila kuisha kinafanana zaidi na ugonjwa unaoambukizwa kuliko dawa.

Yote haya Collip aliyaandika waziwazi, yale yaliyomuunga mkono na yale yaliyomtia shaka. Wengine waliposoma waliweza kupima wenyewe. Matumaini ya glukokinini yakafifia mwaka baada ya mwaka, na hakuna mgonjwa aliyewahi kutibiwa kwayo. Collip mwenyewe akageukia kazi nyengine, na mwaka 1925 akafanikiwa kuipata homoni ya tezi ndogo za shingoni zinazotawala madini ya chokaa katika damu, kazi iliyompa heshima yake mwenyewe bila ya ugomvi na mtu.

Sukari kushuka si kupona

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye manufaa yetu.

Sukari ya damu inaweza kushuka kwa njia nyingi. Inashuka mtu asipokula. Inashuka ini likiumia. Inashuka mtu akiwa mahututi kwa baadhi ya maradhi. Inashuka akinywa sumu fulani. Mwaka 1918, kabla ya insulini, ilikwisha onekana kwamba kemikali iitwayo guanidini hushusha sukari ya sungura, na ilikuwa sumu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba jani fulani limeshusha sukari, amejibu swali moja tu kati ya mengi. Limeshusha kwa njia gani? Kwa muda gani? Kesho litashusha kiasi kile kile? Figo na ini vinasemaje? Na mwili unaitumia sukari, au sukari imepotea huku mtu anadhoofika? Haya ndiyo aliyoyauliza Collip, kwa mbwa mwaka 1921 na kwa sungura mwaka 1923. Mara ya kwanza majibu yalimpa insulini. Mara ya pili yalimnyima alichokitaka, na akayakubali.

Hii haimaanishi kwamba mimea haina kitu. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari hapa Pwani wanameza asubuhi na jioni, kina nasaba na mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumika huko tangu zamani. Ndani yake mna kemikali ya ukoo wa ile guanidini, inayoshusha sukari lakini yenye sumu. Wanakemia walitengeneza binamu yake aliye mpole zaidi mwaka 1922 mjini Dublin, mwaka ule ule wa insulini, lakini ilikuwa hadi 1957 ndipo daktari Jean Sterne wa Paris alipotangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa. Miaka 35 ilipita kati ya chupa ya maabara na kidonge cha mgonjwa.

Ua kutoka Bukini

Collip alihamia Montreal mwaka 1928 kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha McGill. Huko alikusanya vijana wengi hodari waliokuja kuchimbua homoni. Mmoja wao aliitwa Robert Noble. Alikuwa ndugu wa Clark Noble, yule aliyekosa zamu yake baada ya kurusha sarafu.

Miaka ilivyokwenda, chuki kati ya Collip na Banting iliyeyuka. Wakawa wakifanya kazi pamoja katika kamati ya utafiti wa tiba ya nchi yao. Februari 1941, vita vikiwa vimepamba moto, Banting alipita Montreal akiwa njiani kwenda Uingereza, na wawili hao walikaa pamoja wakizungumza usiku kama marafiki wa siku nyingi. Siku chache baadaye ndege ya Banting ilianguka Newfoundland akafa. Aliyeshika nafasi yake katika kamati ni Collip.

Mwaka 1947 Collip alihamia London ya Ontario, akawa mkuu wa kitivo cha tiba katika Chuo Kikuu cha Western. Robert Noble alifuatana naye. Na hapo, mwaka 1952, mmea ukabisha hodi tena.

Clark Noble, aliyekuwa daktari Toronto, alipokea kutoka Jamaika bahasha yenye majani 25. Majani hayo, alielezwa, watu wa kule huyachemsha wakanywa maji yake kwa ajili ya kisukari insulini inapokosekana. Clark akampelekea ndugu yake. Yalikuwa majani ya ua ambalo asili yake ni Bukini, ua tunalolijua vizuri hapa kwetu: dogo, la waridi au jeupe lenye jicho katikati, majani yake ya kijani yanang'aa, linastahimili mchanga na jua, na watu hulipanda vibarazani na kando ya kuta. Wataalamu huliita vinka.

Robert Noble aliwanywesha panya maji ya majani hayo. Sukari haikutikisika. Akaamua kuwadunga. Sukari bado haikubadilika vya maana, lakini panya wakafa baada ya siku chache. Angeweza kuandika kwamba dawa haifanyi kazi, akafunga faili. Badala yake akauliza kwa nini wamekufa. Akawapasua na kuwachunguza, akakuta wameuawa na maambukizi ya kawaida ambayo panya mzima huyashinda. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zilikuwa zimefutika, na uboho wa mifupa umeharibiwa.

Jambo lililoua panya likawa ndiyo habari yenyewe. Kama kitu hiki kinaziangamiza chembe nyeupe, kwa nini kisijaribiwe kwa wenye saratani ya damu, ambao chembe hizo zimezidi bila mpango? Kwa miaka kadhaa Noble na mwanakemia Charles Beer walikamua magunia kwa magunia ya majani. Mwaka 1958 walikuwa na dawa safi, ambayo leo huitwa vinblastini. Kampuni ya Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikilichunguza ua hilo hilo, ikatoa na ndugu yake, vinkristini. Dawa hizi mbili zimewaokoa watoto wengi wenye saratani ya damu na watu wenye saratani ya tezi, na mpaka leo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Basi watu wa Jamaika hawakukosea kusema kwamba jani lina nguvu. Walikosea kuhusu nguvu ya nini. Na mgonjwa wa kisukari ambaye angelitegemea jani hilo angejipunguzia askari wa mwili wake huku sukari ikibaki pale pale. Ndiyo maana nasema tena: ua hilo livutie macho kibarazani, lisiingie kikombeni.

Tunachoachiwa

Collip aliendelea kuongoza kitivo hadi mwaka 1961. Alifariki tarehe 19 Juni 1965 hapo London, Ontario, akiwa na miaka 72. Hakuwa mtu wa kuandika habari zake, na nadhani ndiyo sababu moja wengine walijulikana zaidi.

Wapo watakaosoma haya wakaona ninawadharau wazee wetu na mitishamba yao. Sivyo. Nyingi katika dawa zetu za Pwani zimeshajaribiwa kwa panya katika maabara za nchi mbalimbali, na baadhi zimeonekana kushusha sukari. Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini lipo mahali ambapo Collip alikuwapo mwaka 1923 akiwa na majani yake ya kitunguu: mwanzo wa maswali. Wala kokwa za zambarau kutoka mti huu hazina lazima ya kuwa na nguvu sawa na za mti ule, na kijiko cha shangazi si sawa na kijiko cha jirani.

Hatari ni mbili, na zote nimeziona zikizungumzwa misibani baada ya kuwa zimechelewa. Ya kwanza ni kuacha. Mtoto au kijana ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, akiachishwa sindano kwa sababu ameletewa unga, hana miezi ya kujaribu. Ana siku, pengine wiki chache. Anakuwa yule Leonard Thompson wa kabla ya Januari 23. Ya pili ni kuchanganya. Mzee anayemeza vidonge vya kisukari na kuongeza juu yake maji ya majani bila kumwambia daktari anaweza kushukiwa na sukari usiku, akatoka jasho, akatetemeka, akapoteza fahamu, na nyumba nzima ikadhani amelala.

Anayetaka kutumia mitishamba asifiche. Amwambie daktari au muuguzi anatumia nini, apime sukari kwa mashine kabla na baada, aandike namba katika daftari, na asipunguze sindano wala kidonge kwa kujiamulia. Na anayemuuzia mgonjwa dawa akimwambia aache insulini, huyo aulizwe alipima kwa nani, mara ngapi, na waliokufa walikuwa wangapi. Collip alikuwa na majibu ya maswali hayo kuhusu sungura wake, wakiwamo waliokufa. Binadamu wetu hawastahili kuhesabiwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.